SIMU ZIKINYAMAZA NANI ATAPIGA MBIU?

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakutuambia itakuwaje siku ambayo jambo lipo na mbiu hailii. Swali hilo la pili ndilo tunalotaka kuliweka leo mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya wale wanaokaa pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam, tangu Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hata Mbagala, Charambe na Chamazi upande wa Temeke. Hao ndio wanaofikiwa na maji kwanza na kufikiwa na msaada mwisho.

Rai yetu ni hii: kila wilaya ya mji huu iwe na kikundi cha wananchi wenye redio za ridhaa, waliofunzwa, wenye leseni, na walio tayari kupeleka habari siku ya maafa wakati njia nyingine zote zimeziba. Twajua wako watakaocheka na kusema kwamba siku hizi kila mtu ana simu mfukoni. Tunawaomba wasicheke kabla ya kusoma.

Tukumbushane kwanza yaliyopita. Siku ya Jumatano tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya adhuhuri, ghala la silaha la jeshi huko Mbagala Kuu lililipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilibomoka. Haikutimia miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, msiba wa namna ile ile ukazuka Gongo la Mboto, nao pia ukaua watu zaidi ya 20. Usiku ule maelfu ya wananchi walikimbia kwa miguu wasijue waendako, wengi wakapata hifadhi katika Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo wa 2011 ikaja mvua nzito kuliko zote zilizopata kunyesha mjini tangu Uhuru. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa viwanja vya Mabwepande.

Hatuyataji hayo ili kutonesha vidonda. Twayataja kwa sababu katika kila msiba kati ya hiyo, mbali na damu na matope, kulikuwa na haja moja ambayo haionekani katika picha za magazeti, nayo ni haja ya habari. Mama aliyepotelewa na mtoto usiku ule wa Gongo la Mboto hakuhitaji hotuba. Alihitaji neno moja tu: mtoto wako yuko mahali fulani, na ni mzima. Daktari wa hospitali ya Temeke alihitaji kujua ni majeruhi wangapi wanakuja na wameumia vipi. Mwenye gari la kubebea wagonjwa alihitaji kujua barabara ipi inapitika. Maneno hayo ni mafupi, lakini kila moja lina uzito wa uhai wa mtu.

Sasa tuje kwenye simu. Sisi hatuibezi simu. Imetufaa na itaendelea kutufaa. Lakini yafaa mwananchi ajue inavyofanya kazi. Mnara wa simu umejengwa kwa ajili ya siku za kawaida. Unachukua mazungumzo ya watu kwa kiasi maalumu, na siku ambayo kata nzima inapiga simu kwa dakika moja, wengi hawatapata njia. Mnara huo unatumia umeme. Umeme ukikatika una betri za saa chache, na baada ya betri ni jenereta, na jenereta haina budi kuletewa mafuta kwa barabara ile ile iliyofunikwa na maji. Kwa hiyo simu huchoka katika saa ile ile ambayo watu wanaihitaji kuliko saa nyingine yoyote.

Asiyeamini na atazame nchi iliyotuzidi kwa mali. Mwezi Septemba 2017 kimbunga kilichoitwa Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani. Baada ya kimbunga kile, minara 95 katika kila minara 100 ya simu za mkononi ilikuwa haifanyi kazi. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba msaada kwa chama cha wanaredio wa ridhaa, na watu 22 wakaenda na redio zao kupeleka habari za watu walio hai kwa jamaa zao. Ikiwa nchi tajiri yenye viwanda vya kutengeneza mitambo hiyo ililazimika kurudi kwenye waya na betri, sisi tunaringia nini?

Hapa kwetu mwaka 2024 ulitupa funzo mara mbili katika mwezi mmoja. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kilikaribia pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tunaipongeza kwa kazi ile. Lakini tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya mbili zipitazo chini ya bahari zilikatika huko kusini, na intaneti ikadorora nchini kote. Hebu msomaji afikiri: kama nyaya zile zingekatika siku ile ile kimbunga kilipokuwa mlangoni, kazi ya kuwaonya watu ingekuwa ngumu kiasi gani?

Wengi watauliza, hizo redio za ridhaa ni kitu gani? Katika mpira twajua maana ya mchezaji wa ridhaa: ni yule achezaye kwa kupenda, bila mshahara. Mwanaredio wa ridhaa ni hivyo hivyo. Amejifunza elimu ya mawimbi, amepewa leseni na Serikali pamoja na alama yake ya mwito, na haruhusiwi kupokea hata senti moja kwa habari anayoipeleka. Wakati wa ukoloni alama za Tanganyika zilianza na VQ3 na za Unguja VQ1. Leo za Tanzania zinaanza na 5H. Wako duniani kote, nao wana umoja wao wa mataifa ulioundwa mjini Paris mwaka 1925.

Mitambo yao si ya ajabu. Redio ya kuzungumza hufanya kazi kwa betri ya gari ya volti 12, na betri hiyo huweza kujazwa kwa jua. Kwa masafa ya mita 40, waya wa kurushia una urefu wa mita 20 hivi, na minazi miwili ya Mbagala yatosha kuutundika. Waya ukitundikwa chini chini, mawimbi hupanda juu, hugonga tabaka la anga lililo juu sana, kisha hurudi chini na kuenea kwa mamia ya kilomita pande zote, hata Mafia, Morogoro na Tanga, bila kuhitaji mnara wowote katikati. Na kwa mazungumzo ya ndani ya mji iko redio ndogo ya mkononi ya mita 2. Nguvu yake ni kidogo na majumba huizuia, lakini ukiweka mtambo wa kupokea na kurusha tena mahali pa juu kama vilima vya Pugu, mtu wa Tegeta aweza kusikilizana na mtu wa Charambe.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee waliiita simu ya upepo. Tarehe 8 Agosti 1914, vita vilipoanza kati ya Wajerumani na Waingereza, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam, na shabaha yake kubwa ilikuwa mnara wa simu ya upepo. Adui alijua kwamba akikata ulimi wa nchi amekwisha ishinda nusu. Na katika miaka ya 1960, madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na makao yake Nairobi, waliziunganisha hospitali za misioni na zahanati za mbali za Afrika Mashariki kwa redio za masafa mafupi, hata mganga aliye porini akaweza kuomba ndege au shauri la daktari bingwa. Watu wengi wanaishi leo kwa sababu ya redio zile.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa tarehe 26 Desemba 2004. Siku ile tetemeko lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, na mawimbi ya tsunami yakaenea Bahari ya Hindi yote. Katika visiwa vya Andaman kulikuwa na kundi la wanaredio wa ridhaa wa India, likiongozwa na Bi. Bharathi Prasad. Walikuwa wamekwenda Port Blair kwa furaha yao tu, kuzungumza na wenzao wa dunia. Mawimbi yalipopiga na simu kufa, waliacha mazungumzo ya furaha, wakaanza kupeleka habari za wafu, za walio hai, na za mahitaji ya visiwa. Hawakuagizwa na mtu. Walikuwa na redio, walikuwa na ujuzi, na walikuwapo.

Maji yale yale yalisafiri zaidi ya saa saba hata kufika pwani ya Afrika Mashariki. Huko Kenya habari zilitangulia maji, watu wakaondolewa ufukoni, na aliyekufa alikuwa mmoja. Kwetu walikufa watu kumi au zaidi, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea Jumapili ya sikukuu. Kwa zaidi ya saa saba kifo kilikuwa njiani, na sauti ya redio huvuka bahari ile kwa muda usiofika kufumba na kufumbua jicho. Kilichokosekana ni mkono wa mtu wa kuipokea habari na mkono mwingine wa kuifikisha Coco na Kunduchi. Twaomba kila mzazi wa Kinondoni alitie moyoni jambo hilo.

Sasa tuzijibu hoja za wenye shaka, kwa maana si haki kuzipita.

Hoja ya kwanza ni ya usalama. Wako wanaoogopa kwamba mtu mwenye mtambo wa kurusha sauti nyumbani kwake aweza kuutumia vibaya. Hofu hiyo ina msingi, wala hatuidharau. Lakini tazama sheria ya mwanaredio wa ridhaa ilivyo. Kanuni za mataifa zinamkataza kuficha maana ya maneno yake kwa lugha ya mafumbo; ni lazima ajitaje kwa alama yake; na kila mwenye redio ya kupokea aweza kumsikia. Mtu mwenye nia mbaya atatafuta njia ya siri. Hawezi kuchagua uwanja wa wazi ambako jina lake limeandikwa katika daftari la Serikali. Tena mkutano wa mataifa uliofanyika Geneva mwaka 2003 ulizihimiza serikali ziwaruhusu wanaredio wa ridhaa kujiandaa kwa ajili ya maafa. Kwa hiyo tunapoiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania irahisishe njia ya kupata leseni hizo, na iwapunguzie ada vijana na wafanyakazi, hatuombi kitu kilicho nje ya sheria za dunia.

Hoja ya pili ni ya fedha. Ni kweli kwamba redio nzuri ina bei, na mfanyakazi wa kima cha chini hawezi kuinunua peke yake. Lakini hatusemi kila nyumba iwe nayo. Twasema kata iwe na moja, na wilaya iwe na chache zenye nguvu. Kata inayoweza kuchanga kwa ajili ya timu ya mpira na jezi zake haishindwi kuchanga kwa redio na betri. Na vijana wa VETA Chang'ombe na wa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam wanaojifunza umeme kila siku wanaweza kutengeneza waya za kurushia na vifaa vya kujazia betri kwa mikono yao.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni ya nidhamu. Redio bila watu waliozoea kazi ni chombo cha kelele. Siku ya maafa kila mtu anataka kusema, na mmoja tu ndiye anayeweza kusikika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kikundi ni lazima kiwe na msimamizi wa mawasiliano ambaye neno lake ni amri: akisema nyamaza, watu wote hunyamaza. Habari iandikwe kabla ya kusemwa: nani anapeleka, kwa nani, jambo gani, mahali gani, saa ngapi. Anayepokea airudie neno kwa neno, na aiandike katika daftari.

Tukitaja saa twafika kwenye jambo ambalo vitabu vya kigeni havitatufundisha. Sisi tukisema saa moja tuna maana ya saa ya kwanza baada ya kucha au kuchwa. Redio za dunia hutumia saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa zetu rasmi kwa saa tatu. Habari ikisema kwamba maji yatafurika saa moja, mmoja atajiandaa jioni, na mwingine atangoja usiku wa manane. Kikundi na kikubaliane tangu mwanzo ni saa ipi itakayotumika, na kila mara iongezwe asubuhi, mchana au usiku. Vivyo hivyo majina ya mahali. Iko Mbezi ya pwani, iliyo Kinondoni, na iko Mbezi ya barabara ya Morogoro, iliyo Ubungo. Gari la wagonjwa likipelekwa Mbezi isiyo yenyewe, aliyeumia hatafaidika na redio yetu hata kidogo. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka siku yanapoua.

Tusisahau pia kwamba redio ni sehemu moja tu ya njia. Habari ikifika katani, itafikaje kwa bibi kizee aliye mwisho wa uchochoro karibu na mto Kizinga? Hapo ndipo wanapotakiwa vijana wa bodaboda wenye kuzijua njia za juu, vipaza sauti vya misikiti, kengele za makanisa, wenyeviti wa mitaa na wajumbe wa nyumba kumi wanaojua ni nani mgonjwa na ni nani hawezi kutembea. Na kutoka kwa watu hao habari irudi kwenye redio: nyumba ngapi zimezingirwa, njia ipi imekatika. Tunalo tayari umbo la kazi hii. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa kutoka taifa hadi ngazi za chini. Tangu mwaka 2015 vijana wa vyuo pamoja na wenyeji wa mitaa walichora ramani za mabonde yetu katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, hata mifereji na vichochoro vya Tandale vikajulikana. Ramani ipo na kamati zipo. Kilichobaki ni sauti ya kuziunganisha mnara ukilala.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, wilaya zote tano, yaani Kinondoni, Temeke, Ilala, Ubungo na Kigamboni, ziwatafute wanaredio wachache wenye leseni walioko mjini na kuwaomba wawe walimu. Pili, kila kata iliyo bondeni ichague vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wapelekwe kujifunza na kufanya mtihani. Tatu, kamati za maafa ziandike katika mipango yao ni nani atakayepeleka habari simu zikifa, kwa masafa gani, na kwa nani. Nne, yafanyike mazoezi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika mwezi Februari na kabla ya vuli mwezi Septemba, simu zote zikizimwa kwa saa mbili, ili tuone habari itatoka Mbagala kwenda hospitali ya wilaya kwa dakika ngapi.

Hilo la mazoezi ndilo kubwa. Wasomaji wetu wanawajua wale wanawali kumi ambao wote walikuwa na taa, lakini watano tu ndio waliokuwa na mafuta. Redio iliyofungiwa kabatini na betri yake imekufa ni taa ya wale watano wengine.

Mji huu, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, una watu 5,383,728. Wengi wao hawakai katika majumba ya ghorofa yenye jenereta. Wanakaa katika nyumba za matofali mabondeni na kwenye miteremko, na asubuhi wanatawanyika, baba bandarini, mama sokoni, watoto shuleni. Maafa yakija, yatawakuta wametawanyika hivyo hivyo. Wanastahili kupata habari za kila mmoja wao kabla giza halijaingia. Tunaziomba kamati za maafa za kata za Kinondoni na Temeke ziliweke jambo hili katika kikao chao cha kwanza baada ya kusoma maneno haya, na kila mwananchi mwenye ujuzi wa redio aende ofisi ya kata yake akaandikishe jina.

Mvua haitungoji tumalize kikao.